Ujumbe Uliotangulia Gari: WhatsApp na Uvumi wa Wezi wa Watoto India, 2018

Kwenye klipu, watoto wanacheza kriketi mtaani. Pikipiki yenye watu wawili inapita, inageuza, inarudi karibu yao. Aliyekaa nyuma anamnyakua mtoto mmoja, pikipiki inatimua mbio. Wenzake wanaikimbiza huku wakipiga mayowe. Picha inakatika hapo.

Mwaka 2018 klipu hii ilizagaa India kupitia WhatsApp. Kila ilikofika ilivikwa maneno ya lugha ya pale: wezi wa watoto wameingia, wapo wilayani kwenu, kaeni macho, mtumie na mwenzako. Mzazi aliyeipokea hakuwa na sababu ya kuitilia shaka, maana jicho lake lilikuwa limeona.

Klipu yenyewe haikuwa ya India wala haikuwa ya wizi. Ni igizo lililotengenezwa Karachi, Pakistan, kwa ajili ya Roshni Helpline, shirika linalosaidia kutafuta watoto waliopotea. Katika filamu kamili pikipiki inarudi, mtoto anashushwa salama, na mmoja wa wale wawili anainua bango linalowaonya wazazi kwamba kumnyakua mtoto katika mitaa ya Karachi ni jambo la muda mfupi tu. Sekunde hizo za mwisho ndizo zilizokatwa. Hakuna picha iliyobandikwa, hakuna sauti iliyoghushiwa. Uongo wote umo katika kile kilichoondolewa. Sambamba nayo zilizunguka picha nyingine, zikiwemo za miili ya watoto waliouawa kwa gesi ya sumu nchini Syria mwaka 2013. Zilitumwa kama ushahidi kwamba watoto wanaibwa na kuuawa papo hapo India.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu ndicho kinachoonyesha wazi kuliko vingine swali gumu la mitandao ya kijamii: mtandao ufanye nini na uongo ambao wenyewe hauwezi kuusoma?

Watu zaidi ya 20 waliuawa na umati mwaka huo, sehemu mbalimbali za India, kwa kudhaniwa ni wezi wa watoto. Matukio matatu ya majuma yasiyozidi matatu yanatosha kuonyesha hali ilivyokuwa.

Tarehe 28 Juni, jimboni Tripura. Serikali ya jimbo ilikuwa imemwajiri mtu azunguke vijijini na kipaza sauti, awaambie wananchi kwamba habari za wezi wa watoto ni uvumi mtupu. Umati ukamuua yeye. Jimbo likazima intaneti ya simu kwa saa 48.

Siku tatu baadaye, tarehe 1 Julai, kijiji cha Rainpada, wilaya ya Dhule, jimbo la Maharashtra. Ilikuwa Jumapili, siku ya gulio. Wanaume watano wa jamii ya wahamahamaji wanaoishi kwa kuomba sadaka walifika pale. Ikasemekana mmoja wao alikuwa anaongea na mtoto wa kike. Watu wakawazingira, wakawaingiza katika chumba cha ofisi ya kijiji, wakawapiga humo mpaka wakafa wote watano.

La tatu ndilo lililonifanya niandike. Tarehe 13 Julai, wilaya ya Bidar, jimbo la Karnataka, marafiki kadhaa walikuwa safarini kwa gari. Njiani walisimama na kuwapa watoto wa kijiji chokoleti. Wanakijiji wakawashuku, ugomvi ukazuka, mtu akawapiga picha na kuirusha kwenye grupu la WhatsApp pamoja na onyo. Wale marafiki wakaingia ndani ya gari na kukimbia. Walipofika kijiji cha mbele, Murki, walikuta barabara imeshazibwa. Ujumbe ulikuwa umewatangulia. Gari likaishia mtaroni, na mmoja wao, mhandisi wa kompyuta, akauawa pale.

Ukipima kisa hiki kwa kuuliza nani aliamini na nani hakuamini, utapotea. Kiswahili kina methali isemayo lisemwalo lipo, na kama halipo laja, na sidhani kuna jamii isiyo na fikra hiyo kwa namna yake. Uvumi wa watu wanaoiba watoto ni wa kale kuliko simu. Zamani ulikuwa unatembea kwa miguu, na palikuwa na nafasi ya mzee mmoja kuuliza, "Umemwona nani? Mtoto wa nani amepotea?" Kati ya kijiji cha kwanza na Murki nafasi hiyo haikuwepo. Ndiyo maana naamini kiini cha janga lile kilikuwa kasi zaidi ya ujinga, na wanaowaita wanavijiji wale wajinga wanajifariji tu.

Kasi hiyo ilikuwa mpya. Kampuni ya simu ya Jio ilipoingia sokoni mwaka 2016 na kushusha mno bei ya data, mamilioni ya Wahindi walipata intaneti kwa mara ya kwanza, na kwa wengi intaneti maana yake ilikuwa WhatsApp. Kufikia 2018 WhatsApp ilikuwa na watumiaji zaidi ya milioni 200 India, soko lake kubwa kuliko yote. Kampuni yenyewe ilikiri mwaka huohuo kwamba watu wa India husambaza ujumbe, picha na video kuliko watu wa nchi nyingine yoyote.

Kesho yake baada ya mauaji ya Rainpada, tarehe 2 Julai, wizara ya teknolojia ya habari ya India iliandikia WhatsApp ikiitaka ichukue hatua mara moja. Kampuni ilijibu tarehe 3. Ilisema imeshtushwa na mauaji hayo, na kwamba jambo hili linahitaji serikali, jamii na kampuni za teknolojia zishirikiane. Iliongeza takwimu ya kujitetea: magrupu mengi yana watu wasiozidi kumi, na jumbe tisa kati ya kumi ni za mtu na mtu. Takwimu hiyo sina sababu ya kuipinga, ila haikugusa tatizo. Kwa kijiji cha Murki ulitosha ujumbe mmoja ndani ya grupu moja.

Hapa inabidi kueleza kwa nini WhatsApp haikuweza kufanya kile ambacho mitandao mingine ilikuwa inafanya. Facebook, ambayo kampuni yake (leo inaitwa Meta) inamiliki WhatsApp tangu 2014, ilianza Desemba 2016 kutumia wahakiki wa habari wa nje. Mhakiki alipothibitisha kwamba chapisho ni la uongo, chapisho lilibandikwa onyo na kushushwa lisionekane sana kwenye kurasa za watu. Njia hiyo inadai mambo mawili: mtandao uweze kusoma kilichoandikwa, na uwe ndio unaopanga nani aone nini kwanza. WhatsApp haina hata moja. Tangu Aprili 2016 kila ujumbe unafungwa kwa usimbaji fiche kutoka simu ya mtumaji hadi simu ya mpokeaji, na funguo ziko kwenye simu hizo mbili tu. Wala hakuna ukurasa unaopangwa na mitambo. Ujumbe unakuja kwa sababu shangazi ameutuma, na unafika jinsi alivyoutuma.

Serikali ya India ilikuwa na jibu lake: kampuni iweze kutambua mtu wa kwanza kuutuma ujumbe unaozua fujo. WhatsApp ikakataa, ikisema huwezi kufuatilia chanzo cha ujumbe mmoja bila kuweka alama kwenye jumbe zote za watu wote. Mvutano huo haukwisha. Mwaka 2021 India iliingiza sharti hilo kwenye kanuni mpya, na mwezi Mei mwaka huohuo WhatsApp ikaishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Delhi.

Katika hili niko upande wa kufuli, yaani ule usimbaji fiche unaofunga jumbe. Tujaribu kufuata chanzo cha klipu ile ya Karachi. Mtu wa kwanza kuiingiza India anaweza kuwa mzazi mwenye hofu ya kweli, aliyeipokea kutoka nje ya nchi ikiwa tayari imekatwa. Na hata kama alikuwa mwovu, jina lake lingepatikana baada ya watu kuzikwa. Ufuatiliaji wa chanzo ni kazi ya upelelezi, na upelelezi una mahali pake. Polisi wa Bidar, kwa mfano, waliwakamata watu, akiwemo admini wa grupu, bila kuvunja kufuli lolote, kwa sababu ndani ya grupu kila mtu anaona nani katuma nini. Kilichokuwa kinahitajika wiki ile ya Julai ni kitu cha kufanya kazi kabla ya ujumbe kufika kijiji cha mbele.

Hatua ya kwanza ilikuja tarehe 10 Julai. Ujumbe wowote uliosambazwa, yaani uliofowadiwa badala ya kuandikwa na aliyeutuma, ukaanza kubeba alama ya mshale mdogo juu yake. Siku hizohizo kampuni ililipia matangazo ya ukurasa mzima magazetini India, yenye vidokezo kumi vya kutambua habari za uongo. Matangazo yale sina la kusema sana juu yake. Mshale ni jambo jingine. Kabla yake, video iliyotoka kwa mjomba wako ilionekana kama ya mjomba wako. Kama aliirekodi yeye au aliokota mahali, simu haikukuambia. Mshale hausemi kwamba habari ni ya uongo. Unasema tu, "Aliyekutumia siye aliyeandika." Kwa mtandao usioweza kusoma, huo ni ukweli pekee unaoweza kuusema kwa uhakika, na ninaheshimu kwamba haukudai zaidi ya hapo.

Siku kumi baadaye ikaja hatua nzito zaidi. Kabla yake mtu aliweza kuchagua mazungumzo zaidi ya 250, yawe ya mtu mmoja au ya grupu, na kuyatumia ujumbe uleule kwa mkupuo. Kampuni ikatangaza kwamba inajaribu kikomo: 20 duniani kote, na India 5 tu. Zaidi ya hapo, India iliondolewa kile kitufe cha mshale kilichokuwa kando ya kila picha na video, ambacho kiliita kidole kukigusa hata kabla video haijaisha.

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo penye uzito. Grupu moja wakati huo liliweza kuwa na watu wasiozidi 256. Mtu mwenye magrupu 250 yaliyojaa angeweza, kwa mguso mmoja, kufikisha klipu kwenye simu 64,000. Ni hesabu ya juu kabisa, wengi hatuna magrupu mengi hivyo, lakini wapo wanaoyakusanya kwa makusudi, hasa wa siasa. Kwa kikomo cha matano, mtu huyohuyo anafikia simu 1,280. Akitaka zilezile 64,000 inabidi arudie kuchagua na kutuma mara 50. Hajazuiwa, amechoshwa. Na kwa mtu wa kawaida asiye na nia mbaya, anayetuma kwa sababu tu kitufe kipo, kuulizwa "matano yapi?" ni kulazimishwa kufikiri kidogo: nani hasa anaihitaji hii?

Januari 2019, baada ya majaribio ya miezi sita, kikomo cha matano kilifanywa cha dunia nzima. Agosti mwaka huo ukaongezwa mshale wa pili. Ujumbe uliopita mikono mitano au zaidi unabeba mishale miwili na maelezo kwamba umesambazwa mara nyingi. Watu huuliza inawezekanaje kuhesabu usichokisoma. Jibu ni rahisi na zuri. Ujumbe unaweza kubeba ndani yake kihesabu kidogo. Ukiusambaza, simu yako yenyewe inaongeza moja kabla ya kuufunga na kuutuma, na simu ya mpokeaji inaufungua, inasoma namba, inaonyesha mshale unaostahili. Kwa maelezo ya kampuni, yenyewe haijui ujumbe unasema nini wala umesambazwa mara ngapi. Hesabu iko mikononi mwa watu wanaopokezana.

Kisha ikaja korona. Tarehe 7 Aprili 2020, habari za tiba za uongo zikiwa zimefurika, ujumbe wa mishale miwili ukawekewa kikomo cha mazungumzo mamoja tu kwa wakati. Kabla mwezi haujaisha kampuni ilisema jumbe za aina hiyo zimepungua kwa asilimia 70 duniani. Kile kikomo cha awali cha matano ilikuwa imesema kilipunguza usambazaji wote kwa asilimia 25. Namba hizi zimetolewa na kampuni yenyewe, na mtu wa nje hawezi kuzikagua, kwa hiyo nazichukua kama ushahidi wa mwenye kesi.

Bahati nzuri kuna watafiti wa Brazil na wenzao waliolipima suala hili kwa kujitegemea mwaka 2019. Walitumia data za magrupu ya wazi ya Brazil, India na Indonesia, na wakachukua mahesabu ya wataalamu wa magonjwa ya kuambukiza, wakiufanya ujumbe kuwa kirusi na grupu kuwa chumba chenye watu. Waligundua kwamba kikomo cha chini kama cha matano, kikilinganishwa na 256 ya mwanzo, kinaweza kuchelewesha kuenea kwa ujumbe hadi karibu mara mia. Ila wakaongeza jambo ambalo wasifiaji wa kikomo hulisahau: ujumbe ukiwa na mvuto mkubwa sana, bado unaufikia mtandao mzima haraka. Kikomo kinachelewesha, hakizimi.

Na ujumbe wa kutisha ndio wenye mvuto. Mwaka 2018 watafiti wa MIT, chuo kikuu cha Marekani, walichapisha katika jarida la Science uchambuzi wa habari zilizosambaa Twitter kuanzia 2006 hadi 2017, habari zilizotumwa na watu wapatao milioni tatu. Habari ya uongo ilikuwa na uwezekano wa kusambazwa zaidi kwa asilimia 70 kuliko ya kweli, na habari ya kweli ilichukua muda karibu mara sita kuwafikia watu 1,500. Ni mtandao tofauti, lakini binadamu ni walewale. Yule mtu wa kipaza sauti wa Tripura alikuwa amepewa kazi ya kushindana na hilo kwa sauti yake peke yake, kijiji kwa kijiji.

Mianya ipo, na kila mtumiaji anaijua. Nakili maneno, yabandike kama mapya: kihesabu kinarudi sifuri na mishale inapotea. Hifadhi video, ipakie upya: vilevile. Picha ya skrini haina historia. Wapo pia waliotumia programu za kutuma jumbe kwa wingi, wakikwepa kikomo chote, jambo lililojitokeza wazi katika uchaguzi wa Brazil wa Oktoba 2018. Dhidi ya hao kampuni ilitumia silaha nyingine, yaani mwenendo wa akaunti. Akaunti iliyofunguliwa dakika tano zilizopita na kutuma jumbe 100 ndani ya sekunde 15 haihitaji kusomwa ili kushukiwa. Mapema 2019 ilisema inafungia akaunti zaidi ya milioni mbili kila mwezi, robo tatu yake bila mtu yeyote kuziripoti. Hizi ni njia za kukabiliana na mitambo na wafanyabiashara wa uongo. Mama anayenakili onyo kwa mkono ili kuwalinda wajukuu hazimgusi, na wala hazipaswi kumgusa.

Je, kikomo kiliokoa maisha? Baada ya Julai 2018 mauaji ya aina ile yalipungua. Lakini miezi ileile polisi walikamata watu, viongozi wa wilaya walizunguka vijijini, matangazo ya redio yalirushwa, na Mahakama ya Juu ya India, tarehe 17 Julai, iliziamuru serikali za majimbo ziteue maofisa wa kuzuia mauaji ya umati. Kutenganisha sehemu ya mshale na sehemu ya ofisa wa polisi haiwezekani kwa data zilizopo, na ninayemsikia akidai vinginevyo simwamini. Agosti 2019, kikomo kikiwa kimeshatimiza mwaka mzima India, uvumi uleule uliibuka tena jimboni Uttar Pradesh, watu wakapigwa, polisi wakakamata wengi.

Hata hivyo natetea kikomo. Kililenga kitu sahihi, yaani muda. Mtandao haukujifanya hakimu wa ukweli katika lugha zote za India, kazi ambayo ingeushinda ndani ya siku moja. Uligusa kile ulichokijenga wenyewe, urahisi wa kusambaza, na kukiri kwa vitendo kwamba urahisi ule ulikuwa uamuzi wake. Kitufe kando ya video hakikuota chenyewe. Kuna mtu alikichora, akakiweka pale, akafurahi namba za usambazaji zilipopanda.

Ndiyo maana yaliyofuata yananitia wasiwasi. Mwaka 2022 ukubwa wa grupu uliongezwa hadi 512, kisha 1,024. Rudia hesabu yetu: matano ya magrupu 1,024 ni simu 5,120, mara nne ya ile 1,280. Mwaka 2023 zikaja chaneli, ambazo mtu mmoja anaweza kuwatangazia wafuasi wasio na idadi, na ambazo hazina ulinzi wa kufuli lile lililotumika kama hoja. Kila moja ina matumizi mema, sikatai. Ila zote zinasukuma upande ule ambao mwaka 2018 kampuni ilikuwa inaurudisha nyuma.

Agosti 2020 WhatsApp ilianza kujaribu kitu ambacho kingemfaa sana mzazi aliyepokea klipu ya Karachi: kioo cha kukuzia kando ya ujumbe wa mishale miwili, ukikigusa unapelekwa kutafuta kwenye intaneti wengine wamesema nini juu ya ujumbe huo. Kilianzia nchi saba: Brazil, Hispania, Ireland, Italia, Marekani, Mexico na Uingereza. India haikuwamo.